Swift Sport au Polo GTI: Lipi litafaa barabara za Nairobi?

Mpenzi wa magari jijini Nairobi anayetaka gari dogo la milango mitano, lakini lenye mbio, mara nyingi huishia kupima mawili: Suzuki Swift Sport lililozinduliwa Japani mwaka wa 2017, na Volkswagen Polo GTI lililofika huko mwaka wa 2018. Yote mawili yana tabo, na anayeagiza huyapokea yakiwa mitumba katika bandari ya Mombasa.

Kwa nguvu tupu, Polo ndilo bingwa. Injini yake ya lita 2.0 hutoa nguvu-farasi 200, ilhali ile ya Swift, ya lita 1.4, hutoa 140. Mizani, hata hivyo, husema jambo jingine. Swift la gia za mkono lina uzani wa kilo 970. Polo hukaribia kilo 1,300. Wepesi huo ndio humwezesha dereva wa Swift kuzifurahia kona za Lavington na Kileleshwa akiwa katika mwendo wa kawaida. Mwenye Polo huhitaji barabara ndefu ili aonje alicholipia, na hata ile ya juu ya kutoka Westlands hadi Mlolongo, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa.

Katika msongamano wa jioni wa Waiyaki Way, gia za Polo zinazojibadilisha kwa klachi mbili ni nafuu kwa mguu wa kushoto. Lakini oili ya gia hizo hubadilishwa kila kilomita 60,000. Asiyeonyeshwa rekodi ya kazi hiyo na aingize gharama yake katika bei mapema.

Serikali nayo ina kauli. Injini inayozidi sentimita za ujazo 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 badala ya 20. Polo limo, Swift limeepuka.

Kuhusu vipuri, fundi wa Kirinyaga Road aliyewahi kufungua Escudo ya tabo ya lita 1.4 ameshakutana na injini ya Swift. Mnunuzi wa Polo naye asidanganywe na Polo Vivo, lililoanza kuunganishwa Thika mwaka wa 2016: hilo ni la umbo la zamani, na injini yake si hii.

Tumbo la Swift liko sentimita 12 tu kutoka ardhini, na matuta ya mitaani hayana huruma. Anayenunua gari lililokwisha kutumika humu nchini sharti ainame alikague chini, kisha achunguze ringi kwa ndani. Anayeagiza aulize iwapo springi na ekzosi ni za kiwandani, kwani Swift nyingi hurekebishwa na vijana wa Japani. Magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 2017 hayaruhusiwi tena kuingizwa, kwa kuwa yamepita kikomo cha miaka 8.