Deni la Kusoma

Mwezi wa Julai mwaka jana mjukuu wangu alikuja nyumbani Kang'ata na fomu mkononi. Alikuwa amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, naye alitaka kusomea uhandisi wa ujenzi chuo kikuu. Fomu ilikuwa ya kuomba mkopo wa serikali, na ukurasa mmoja ulitaka jina na sahihi ya mdhamini. "Babu, nimekuandika wewe," akasema. Baba yake alikuwa amekaa pembeni akipukuchua mahindi. Bila kuinua kichwa akasema kwamba kwa fedha ile mtu angenunua pikipiki kadhaa na kuanza kuona faida jioni ileile.

Zamani nisingefikiri mara mbili. Mwaka 2006 nilitia sahihi ya namna hiyo kwa ajili ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa anakwenda kusomea uhandisi vilevile. Aliniuliza, "Mjomba, na hili deni je?" Nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuaminiwa: soma, mwanangu, serikali haimdai mtoto wake. Nilikuwa mwalimu mkuu; nani angenibishia? Kumbe nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe halikuwa la hesabu bali la historia. Nilikuwa namshauri kijana wa zama zake kwa kumbukumbu za zama zangu.

Kumbukumbu zenyewe zilianza nikiwa darasa la saba. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana pamoja na wenzao wa vyuo vingine hadi Ikulu. Walipinga sheria ya kuwalazimisha wahitimu kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Palepale akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walipokewa tena mwaka uliofuata, baada ya kuonja jembe. Mwalimu wetu alituhadithia habari hizo ubaoni kana kwamba ni somo la uraia, nasi watoto wa wakulima wa Handeni tuliokuwa tukienda shule pekupeku tulikuwa upande wa Mwalimu Nyerere bila kuulizwa.

Hapana budi msomaji aelewe jinsi deni la wakati ule lilivyokuwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu hakulipa karo. Alilishwa, akalazwa, akapewa na posho ya vitabu. Badala yake aliweka ahadi ya kuitumikia serikali miaka mitano mahali popote atakapopangwa. Hata sisi wa Chuo cha Ualimu Korogwe, tuliokuwa chini kabisa katika ngazi hiyo, tulisomeshwa bure na kupelekwa tulikopangiwa. Deni lilikuwapo, tena zito, ila lililipwa kwa miaka na jasho, wala halikuandikwa katika hati ya mshahara. Na jambo ambalo nililipuuza kabisa nilipomshauri mpwa wangu ni hili: lilikuja pamoja na kazi. Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mhandisi kijana hakuwa na haja ya kubeba vyeti mlango kwa mlango. Nchi ilikuwa na barabara, viwanda na mitambo ya maji iliyomngoja. Aliyekudai ndiye aliyekuajiri.

Mpango huo ulivunjika taratibu. Uchumi ulipodhoofika, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na tangu Julai 1994 fedha za chakula na malazi zikawa mkopo. Mwanzoni wengi hawakudaiwa kwa dhati, na hapo ndipo watu kama mimi tulipolemaa. Kisha ikatungwa Sheria Namba 9 ya 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka mmoja baadaye mimi bado naimba wimbo wa 1970.

Mpwa wangu alihitimu mwaka 2010. Akakaa karibu miaka mitatu akifanya vibarua vya hapa na pale, mara kusimamia kisima, mara kuchora ramani ya duka la mtu. Mwaka 2013 akaajiriwa na mkandarasi kwa mshahara wa shilingi 600,000. Siku moja akanionyesha hesabu yake, nami nikaipitia kama nisahihishavyo daftari. Deni lilikuwa shilingi 8,000,000. Makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, yaani shilingi 48,000 kwa mwezi. Lakini wakati huo ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo kwa deni lake ilikuwa shilingi 480,000, yaani 40,000 kwa mwezi. Toa, msomaji. Katika zile 48,000 alizokatwa, deni lilipungua kwa shilingi 8,000. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikitumaini kwamba macho yangu ya uzee yamenidanganya.

Sheria ilibadilishwa mwaka 2016, makato yakapanda hadi asilimia 15. Vijana walilalamika sana, naye alilalamika pia, lakini hesabu inasema kwamba bila pigo hilo angeendelea kutwanga maji kinuni. Tozo yenyewe ilifutwa mwaka 2021, baada ya Rais Samia kutangaza hivyo siku ya Mei Mosi. Mpwa wangu alimaliza deni mwaka 2022. Nyumba ya mama yake, ambayo aliahidi kuiezeka bati kwa mshahara wa kwanza, iliezekwa mwaka huo. Dada yangu aliishi chini ya makuti miaka tisa zaidi ya ahadi, na hakuna hata siku moja aliyonilaumu. Ningependa angenilaumu.

Basi na huyu mjukuu nimwambie nini? Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu zaidi sayansi, asingeupata kwa alama zake. Tukakaa chini ya mwembe na daftari. Tukachukulia, kwa mfano tu, mkopo wa shilingi 16,000,000 na mshahara wa 1,000,000. Asilimia 15 ni 150,000, na bila tozo deni litakwisha kwa miezi 107, karibu miaka tisa. Baba yake akasogeza kiti. Nikamwonya kijana kwamba akiajiriwa na kampuni, kuna asilimia 10 nyingine ya hifadhi ya jamii, kisha kodi, na kwamba hatakuwa mhandisi mtaalamu siku ya kuvaa joho: Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka mhitimu apate kwanza uzoefu wa miaka mitatu. Deni lenyewe linaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kuhitimu, iwe kazi imekuja au haijaja.

Hapo ndipo palipo uzito, kwa maoni yangu. Makato ya mshahara yanavumilika, maana mwenye kukatwa ni mwenye kupata. Kinachoumiza ni miaka ile ya katikati, ambayo zamani haikuwapo. Pikipiki ya baba yake haina miaka ya katikati, nakubali. Ila pikipiki huchakaa katika barabara zetu hizi, na mpwa wangu leo anapata kwa mwezi fedha ambazo mimi sikuzishika hata siku moja katika miaka 36 ya chaki.

"Ukikosa kazi miaka mitatu utafanya nini?" nikamwuliza. Akafikiri. Akasema atajifunza kwanza ufundi wa kutandaza nyaya za umeme wakati wa likizo, ili asikae bure. Baba yake akasema fundi mmoja wa Korogwe angempokea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza anachangia tangu asubuhi.

Nikatia sahihi. Tukapanda bodaboda hadi ofisi ya mtendaji kugonga muhuri. Nauli nililipa mimi, na kijana akaiandika katika daftari, chini ya zile milioni 16.