Mkondo wa Rusizi na Mawimbi ya Angani

Aprili 1858 wasafiri Richard Burton na John Speke, waliokuwa wamefika Ujiji mwezi Februari, walipanda mitumbwi hadi Uvira wakitafuta jibu la swali moja: mto Rusizi unatoka Ziwa Tanganyika kuelekea Nile, au unaingia ziwani? Wana wa mtawala wa huko waliwaambia unaingia. Wageni waligeuza mitumbwi bila kuufikia mto wenyewe, na ubishi wa chanzo cha Nile ukaendelea Ulaya kwa miaka mingi. Burton naye akaja kushikilia kwamba mto ule unatoka, kinyume na alivyoambiwa na wenyeji. Novemba 1871 wasafiri wengine, Stanley na Livingstone, walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni mwa Rusizi na kuyaona maji yakimiminika ziwani. Upande huo wa ubishi ukafungwa.

Naanza na mto huu kwa sababu wanafizikia wa anga za juu wamepita njia hiyohiyo. Januari 31, 1958, karne moja kasoro majuma mawili baada ya Burton kuliona Ziwa Tanganyika, Marekani ilirusha Explorer 1, na kipimo cha James Van Allen kikafichua kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu kubwa. Mikanda hiyo haikai kimya. Imejaa mawimbi ya plazima, yaani ya gesi ambayo elektroni zimetenganishwa na atomu zake. Ukiyapitisha kwenye spika, mengine hulia kama ndege wa alfajiri, ndiyo wanayoyaita korasi. Mengine huvuma kama mafuta kikaangoni, ndiyo mvumo. Yanatoka wapi? Ninavyouona ushahidi, sehemu kubwa huzaliwa na chembe za mikanda yenyewe, karibu na ikweta ya sumaku, na radi ni kijito tu.

Wanaoitetea radi wana hoja nzito. Yeyote aliyewahi kusimama ufukoni Kigoma usiku wa masika, taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka majini, ameiona ikimulika milima ya Kongo ng'ambo bila kupumzika. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kila mpigo hutoa mawimbi ya redio. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Heinrich Barkhausen alisikia miluzi ya ajabu kwenye mitambo ya kudukua simu za adui, na mwaka 1953 Owen Storey wa Cambridge alieleza kwamba miluzi hiyo ni mawimbi ya radi yaliyofuata mistari ya uga wa sumaku hadi mbali juu ya dunia, kisha yakarudi upande wa pili. Kwamba radi hupeleka mawimbi huko juu, basi, halina ubishi. Kinachobishaniwa ni kiasi.

Kwa upande wa mikanda yenyewe, elektroni iliyonaswa humo huuzunguka mstari wa uga huku ikienda kaskazini na kurudi kusini. Zile zinazokwenda karibu sambamba na mstari huzama angahewani na kupotea. Hubaki zile ambazo mwendo wake mwingi ni wa kuzunguka, na ziada hiyo ndiyo akiba ya nishati. Wimbi dogo likizunguka kwa mwendo unaolingana nazo, huichota akiba, likakua, kisha likazisukuma baadhi ya elektroni angahewani. Mwaka 1966 Charles Kennel na Harry Petschek walionyesha kwa hesabu kwamba mikanda ikijaa kupita kiasi hujizalishia mawimbi ya kuipunguza. Hesabu ilihitaji shahidi, na mmoja alirushwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki: Explorer 45, iliyoondoka kwenye jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 15 Novemba 1971, miaka mia baada ya safari ile ya Rusizi. Kwa kurushwa karibu na ikweta, ilipita katikati ya mikanda hadi karibu kilomita 27,000 juu, ikipima chembe na mawimbi kwa pamoja. Takwimu zake zilionyesha mawimbi yakiibuka pale elektroni mpya zinapoingia wakati wa dhoruba za sumaku.

Mtetezi wa radi atasema kutokea pamoja si kuzaana. Ni kweli, na ndiyo maana mwelekeo wa mkondo una uzito, kama kule Rusizi. Setilaiti za baadaye zilipima korasi inakoelekea, zikaikuta ikiondoka ikweta ya sumaku kwenda kaskazini na kusini, wala si ikipanda kutoka chini. Kuhusu mvumo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba ulio chini ya kilohezi 2 haujali kama chini yake kuna bara lenye radi au bahari. Ulio juu ya hapo hufuata mabara. Mwaka 2008 Jacob Bortnik na wenzake walionyesha kwamba korasi inaweza kupenya ndani, karibu zaidi na dunia, ikanaswa na kuchanganyika hadi kuwa mvumo, na mwaka uliofuata setilaiti za THEMIS ziliyanasa mawimbi hayo mawili kwa wakati mmoja, moja likilifuata jingine. Kwa hiyo radi ina fungu lake, la masafa ya juu. Ile ya juu ya Uvira fungu lake ni dogo zaidi: ikweta ya sumaku inapita kaskazini yetu, Ethiopia, na mistari inayoanzia kwenye ziwa hili hupinda mapema na kurudi ardhini kabla ya kufika korasi inakozaliwa.