X-Wing mezani: unashambulia au unapaki basi?

Wadau, leo tuingie kwenye X-Wing, mchezo wa mezani wa ndege ndogo za plastiki kutoka sinema za Star Wars. Ulitolewa Marekani mwaka 2012 na kampuni ya Fantasy Flight Games. Mnacheza wawili, kila mtu na kikosi chake, kwenye eneo la futi 3 kwa 3. Na swali linalowatoa watu jasho kwenye mashindano ni lile lile la mpira: unashambulia au unapaki basi?

Jibu linaanzia kwenye dadu. Za kushambulia ni nyekundu, za kukwepa ni kijani, zote zina pande 8. Nyekundu ina pande 4 za kupiga, kijani ina 3 tu za kukwepa. Ukirusha 3 kwa 3, wastani wa anayepiga ni 1.5, wa anayekwepa 1.125. Yaani mchezo wenyewe unampendelea anayefyatua. Tofauti ni ndogo, ila raundi baada ya raundi inakula.

Halafu kuna Fokasi, na hapa ndipo penye utamu. Kila dadu, nyekundu na kijani, ina pande 2 zenye alama ya jicho. Ukiwa na Fokasi, macho yote uliyopata kwenye mrusho mmoja yanageuka kuwa mapigo, au kukwepa. Chagua moja, maana ukishaitumia imekwenda. Faida kwa kila dadu ni ile ile, robo, uipeleke mbele au nyuma. Kwa hiyo angalia nani anafyatua kwanza. Rubani wa daraja la juu anasogea mwisho na kufyatua mwanzo. Akimlipua wa daraja la chini kabla hajafyatua, Fokasi yake imekaba pia. Marehemu hapigi! Wewe wa daraja la chini unapigwa kwanza, hivyo mara nyingi Fokasi yako itaishia kwenye kukwepa, utake usitake.

Umbali nao una kazi yake. Karibu kabisa, mpigaji anaongezewa dadu nyekundu moja. Mbali kabisa, mkwepaji anapata kijani moja. Asiyejua hili anaanza kufyatua kwa mbali, halafu analalamika ana mkosi.

Sasa tatizo la kukaba tu: anayechagua nani apigwe ni mpinzani, sio wewe. Ukiweka pointi zako zote kwenye ndege moja ngumu, anaiacha, anamaliza zile laini kwanza. Labda ndege hiyo iwe ndio kikosi chenyewe, kama ilivyotokea kwa Millennium Falcon ya Han Solo. Uhai 13, bunduki inayopiga pande zote, mbio za ajabu. Watu waliijaza vifaa mpaka ikala pointi kama 60 kati ya 100. Inapiga huku inakimbia, muda unaisha. Ilikuwa halali kabisa, na ilichosha kuitazama.

Siri ilikuwa kwenye kuhesabu pointi. Ndege iliyobaki na uhai 1 ilikuwa haimpi mpinzani kitu, sawa na iliyo nzima. Baadaye kanuni zikabadilishwa: ndege kubwa ikipoteza nusu ya uhai, mpinzani anachukua nusu ya pointi zake. Toleo la pili la 2018 likaziingiza ndege zote kwenye utaratibu huo. Ujanja wa kugonganisha ndege zako kusudi zikwame kona moja kama ngome nao ukapigwa marufuku kwenye mashindano.

Mwaka 2022 Atomic Mass Games, walioupokea mchezo, wakaleta misheni. Pointi zikawa zinatoka pia kwenye kushikilia sehemu za uwanja, wa kwanza kufika 20 anashinda. Mkimbiaji akabaki hana pa kukimbilia: akikaa mbali, mwenzake anajivunia pointi tu.

Kampuni ilitangaza 2024 kwamba haiuendelezi tena, ila wachezaji hawajauacha. Ukipata nafasi ya kuucheza, soma kwanza namna pointi zinavyohesabiwa siku hiyo, ndio upange kikosi. Kama nusu uhai ni nusu pointi, ndege yako ya bei ikikaribia nusu irudishe nyuma, iliyo nzima iingie.