Kupima Upepo Mahali Panapostahili: Historia Fupi na Funzo kwa Ziwa Mweru

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi utabiri wa hali ya hewa ulivyokua katika eneo letu, na kwa nini suala hilo linatuhusu sisi walimu wa lugha. Tunaanzia Puta na Nchelenge, mwambao wa Zambia wa Ziwa Mweru, ambako maisha ya wengi yanategemea uvuvi. Mvuvi anayeingia majini usiku anahitaji kujua jambo moja: je, upepo utabadilika kabla hajarudi?

Utabiri si ramli. Ili kujua hali ya kesho, ni lazima kwanza kujua hali ya leo. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kurusha maputo na kuyafuatilia kwa macho ili kupata mwelekeo na kasi ya upepo wa juu. Katika miaka ya 1960, John Findlater alichunguza vipimo vya namna hiyo, vikiwemo vya Garissa, akagundua mkondo mwembamba wa upepo mkali unaopita mashariki mwa Kenya, kimo cha kilomita moja na nusu hivi, wakati wa kusi. Taarifa yake maarufu ilitoka mwaka 1969. Mabaharia wa pwani walikwisha kuupa upepo huo jina karne nyingi kabla. Findlater aliupa vipimo.

Hata hivyo, vipimo peke yake havitoshi. Mwaka 1950 kompyuta ilitumika kwa mara ya kwanza kutabiri hali ya hewa, huko Marekani. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakioanisha vitu viwili: makisio ya kompyuta na vipimo halisi. Kila kimoja hupewa uzito kulingana na kiasi kinavyoaminika, na jibu huwa bora kuliko kila kimoja peke yake. Tunapendekeza mbinu hii iitwe "uoanishaji wa data".

Swali lililofuata lilikuwa: tupime wapi? Mapema mwaka 1997, ndege zilidondosha vifaa vya kupimia juu ya bahari ya Atlantiki, mahali ambapo hesabu zilionyesha kwamba kosa dogo la leo lingezaa kosa kubwa la kesho. Kipimo kimoja mahali panapostahili huweza kushinda vingi vilivyotawanywa ovyo.

Kwetu sisi, mfano wa karibu ni Ziwa Victoria. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, na pepo za kingo mbalimbali hukutana juu ya maji. Ndiyo maana dhoruba nyingi huzuka usiku, wakati wavuvi wako kazini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na idara yake, ingawa dhoruba haina pasipoti. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziunganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda katika kazi hiyo. Januari 2019 ndege ya utafiti kutoka Uingereza ilipita juu ya ziwa hilo kupima pepo hizo.

Ziwa Mweru nalo lina nchi mbili. Upande wa Zambia Kibemba ndicho lugha ya mawasiliano mapana. Ng'ambo, katika mji wa Kilwa nchini Kongo, Kiswahili kinatawala. Kwa hiyo hata utabiri ulio sahihi kabisa hautamfikia mvuvi ukiishia katika Kiingereza au Kifaransa. "Upepo wa wastani" una maana gani kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi? Je, ni wa kumfanya aende, au abaki?

Kwa maoni yetu, hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili inapoanza. Wanahisabati wameoanisha vipimo na makisio. Sisi tuoanishe istilahi na maneno ambayo wavuvi wenyewe wanayo. Onyo lisiloeleweka halina tofauti na onyo ambalo halikutolewa.