Jagannathan, Prasanna
Daktari na mtafiti wa kinga ya mwili, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, anayejulikana zaidi kwa kazi yake kuhusu malaria ya watoto wa Tororo, Uganda. Maabarani, seli za kinga kutoka damu ya watoto huchanganywa na chembe nyekundu zenye vimelea, kisha hupimwa kama zinatoa intaferoni-gama na TNF, ishara zinazochochea homa. Mwaka 2014, yeye na wenzake walionyesha katika Science Translational Medicine kuwa kwa watoto waliougua mara nyingi, seli T za gama-delta, aina ya seli za kinga, hupungua na zilizobaki huitikia kwa unyonge. Upungufu huo ulihusishwa na mtoto kubeba vimelea baadaye bila kuugua. Kinga ya ajabu: kuvumilia, si kuua. Alishiriki pia jaribio la dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito 782 wilayani Busia, Uganda, lililochapishwa 2019.