Mlima wa Radi na Sayuni ya Kaskazini

Anayeisoma Zaburi ya 48 kwa makini hukwama kwenye aya ya 2, ambapo Mlima Sayuni unasemwa kuwa uko pande za kaskazini. Kaskazini ya nini? Sayuni ni Yerusalemu, na Yerusalemu iko kusini. Lakini mwimbaji hakupotea njia. Neno la Kiebrania alilotumia, Safoni, lina maana ya kaskazini, na vilevile ni jina la mlima.

Mlima huo upo hata leo, mpakani mwa Uturuki na Syria. Waarabu wanauita Jabal al-Aqra, yaani mlima wenye upara. Unainuka kutoka Bahari ya Mediterania hadi zaidi ya mita 1,700, na mawingu ya baharini hujikusanya kileleni, yakanguruma na kupiga radi. Mkulima wa nchi hiyo hana mto kama Nile. Mvua ikichelewa, ni njaa. Angemtafuta wapi mwenye mvua, kama si pale juu?

Mwaka 1928 mkulima mmoja wa Syria, akilima shamba lake, aligonga kaburi la kale. Mwaka uliofuata Wafaransa, wakiongozwa na Claude Schaeffer, walianza kuchimba wakaufukua mji wa Ugarit, ulioangamia yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo. Kutoka hapo mlima unaonekana upande wa kaskazini. Vibao vya udongo vilivyopatikana vinasimulia jinsi Baali, bwana wa tufani, alivyomshinda Yamu, yaani Bahari, kisha akajengewa juu ya Safoni jumba la fedha na dhahabu. Katika hekalu lake mjini zilikutwa nanga za mawe. Bila shaka mabaharia nao walikuwa na la kumwomba.

Sasa turudi Yerusalemu. Ugomvi wa Eliya na manabii wa Baali pale Karmeli ulitokea wakati wa ukame, na swali lilikuwa moja: ni nani aletaye mvua? Wataalamu wengi huisoma Zaburi ile katika mwanga huo. Mwimbaji anamwambia jirani yake kwamba mlima mtukufu unaousifu, Safoni halisi, ni huu wetu. Kwa kimo Sayuni ni kilima tu, lakini hoja yake haikuwa ya kimo.

Safoni wenyewe haukukosa wageni. Wahiti waliuita Hazzi. Wagiriki waliuita Kasios, wakamweka Zeus mahali pa Baali. Naye pia, kumbuka, ni mungu wa radi. Kaisari Juliani, aliyeuacha Ukristo, alitoa tambiko huko mwaka 363. Baadaye wakaja watawa wa Kikristo, wakajenga monasteri ya Mtakatifu Barlaam ubavuni mwa mlima.

Kileleni lipo rundo la majivu ya sadaka lenye upana wa mita 55 hivi. Schaeffer alilichimba mwaka 1937, lakini hakufika chini zaidi ya tabaka za Wagiriki. Baadaye kilele kikawa eneo la jeshi la Uturuki, na majivu yaliyo chini, ambayo huenda ni ya zama za Baali, hayajaguswa.