Kifo cha Paka wa Mchawi: Historia ya Wanyama Wandani Mezani

Mnyama mwandani wa mchawi ametangulia kwa karne nyingi mchezo wa Dungeons & Dragons. Asili yake ni kesi za uchawi za Uingereza. Mwaka 1566, huko Chelmsford, Agnes Waterhouse alinyongwa baada ya kesi ambamo paka aliyeitwa Sathan alitajwa kuwa pepo wake. Sheria ya mwaka 1604 ikaja kuweka adhabu ya kifo kwa yeyote aliyelisha pepo wa namna hiyo.

Mchezo wenyewe, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Wisconsin, Marekani, mwaka 1974. Kila mchezaji ana mhusika wake. Msimamizi husimulia yanayowakabili wahusika, na penye shaka dadu huamua. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, Gygax alimpa mchawi uwezo wa kuita mwandani. Mchawi alichoma mkaa, ubani na mitishamba ya sarafu 100 za dhahabu, kisha dadu ikaamua aitike nani: paka mweusi, kunguru, mwewe, bundi, chura au kicheche. Mnyama akiwa karibu, pointi zake za uhai ziliongezwa juu ya za bwana wake. Akiuawa, bwana alipoteza maradufu ya pointi hizo, tena kwa kudumu. Kanuni hiyo ilikuwa kali, na ndiyo iliyompa chura uzito: mchawi mchanga alikuwa na uhai mdogo mno, hivyo mshale mmoja uliompata mnyama ungeweza kuwamaliza wote wawili.

Tangu hapo gharama ya kifo hicho imekuwa ikishuka. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilidai pointi za uzoefu badala ya uhai. Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo uliojengwa juu ya misingi hiyo mwaka 2009, ulidai dhahabu. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, mwandani ni roho iliyovaa umbo la mnyama. Hashambulii, ila bwana wake huweza kuona kwa macho yake na kupitishia kwake uchawi wa kugusa. Akifa, saa moja na sarafu 10 za dhahabu zinatosha kumwita tena. Mchezo umekuwa mwepesi, lakini hofu ya kumpoteza imepungua mno.

Mnyama wa kupigana alipita njia nyingine. Marekebisho ya toleo la tatu, ya mwaka 2003, yalimfanya mwenza wa druidi, kuhani wa maumbile, akue pamoja na bwana wake, hata chui wake akaweza kushindana na askari wa kundi. Toleo la tano likabana kupita kiasi: ili mnyama ashambulie, mhusika wa aina ya mlinzi wa porini alilazimika kutoa nafasi yake mwenyewe ya kushambulia, na wachezaji wakalalamika sana. Tasha's Cauldron of Everything, kitabu cha mwaka 2020, kililegeza hilo kwa wanyama wa nchi kavu, bahari na anga, wanaotii amri bila kumnyima bwana wao pigo lake. Aliyekufa ndani ya saa moja iliyopita hufufuliwa kwa nguvu za uchawi za bwana huyo.